Nafasi Moja kwa Kina Tierney

"Ombi la Nakala ya Cheti cha Ubatizo kwa Waombaji wa Ng'ambo." Karatasi hiyo rafiki yetu Nora Tierney wa Boston aliijaza mara tatu, akijiandaa kwenda Ireland kutafuta ukoo wake. Asubuhi moja akapiga simu parokiani, kule Clare, Ireland, akajitaja jina.

"Mama wee, una vituko!" karani akacheka. "Si ulikuja mwenyewe juzi, koti limelowa chapachapa, ukatia sahihi ombi lako?"

"Sijatoka Boston."

 Mvua ikasikika simuni, upande wa karani.

Bibi yake Nora alikuwa akisema: ukionekana mahali usipokuwepo, ikiwa asubuhi utaishi sana, ikiwa jioni, huna siku nyingi.

"Nilikuja saa ngapi?" akanong'ona.

"Jioni, giza likiingia. Uliuliza kaburi la kina Tierney limebaki na nafasi ngapi, nikakwambia moja."