Pumzi Alizozikata Shemeji

Mimi ni fundi wa spika, na sijisifu, lakini spika ikinung'unika hata nyumba ya jirani najua waya gani umelegea. Ndiyo maana jioni ile, jua linazama na mimi niko hoi, shemeji alinipigia simu niende kwake. Spika zake zilikuwa na shida.

"Zinakoroma?"

"Zinahema," akasema. Polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, anatunga nyimbo kwenye kompyuta. Alikuwa na programu inayoimba yenyewe. Unaandika maneno, unachora noti, na katuni wa kike mwenye nywele za bluu anakuimbia. Alimwita Bi Chuma, kwa sababu hachoki. Sauti aliichukua kwa mdogo wangu. Alimkalisha mbele ya maikrofoni, ba, be, bi, bo, bu, mpaka maskini akawa anaota silabi. Kisha akakata kila mahali alipovuta pumzi, akazitupa zote. Alinitambia kwamba mwimbaji asiye na pumzi anashika noti moja mpaka wewe uzeeke.

Nilimkuta mdogo wangu sebuleni anapiga pasi. Amekonda, macho yamezama. Nikamtania kwamba ndoa imemkausha. Hakucheka. Akaniambia siku hizi hata ngazi zinamshinda, na hospitali wamempima wakasema mapafu ni mazima.

"Kaka," akaninong'oneza, "mwambie apumzike. Yeye akifanya kazi, mimi ndiye nachoka."

Nikadhani ni manung'uniko ya mke.

Chumbani nikafungua spika. Waya safi, kila kitu mahali pake. Nikaweka sikio.

Hhhh...

Mtu alikuwa anavuta pumzi mle ndani.

Nimeshawahi kutoa nyoka kwenye redio, na panya na ukoo wake wote, kwa hiyo mimi sikuogopa. Nilisogeza tu kiti nyuma kidogo. Nikamwambia shemeji apige wimbo. Bi Chuma akaimba, tena vizuri, na mwishoni palikuwa na noti moja iliyochorwa kutoka ukingo huu wa skrini hadi ule.

Aaaaaa...

Ikaendelea. Ikaendelea.

Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

Nikachomoa waya wa umeme wa spika. Spika zikazima.

Sauti haikuzima.

Ilikuwa inatoka sebuleni.

Mdogo wangu alikuwa amesimama wima, pasi imeganda juu ya shati, moshi unapanda. Mdomo wazi. Kifua hakipandi wala hakishuki. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Macho tu ndiyo yalikuwa yake, na yalikuwa yananitazama mimi.

Shemeji akausimamisha wimbo kwenye kompyuta. Sebuleni ukaendelea.

"Mrudishie pumzi zake," nikasema.

Bahati nzuri shemeji ni mvivu, hakuwahi kumwaga kapu la taka la kompyuta. Akaokota pumzi moja mle, akaibandika mwisho wa noti. Akabonyeza.

Hhhh...

Mdogo wangu akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kisimani, akaniangukia.

Shemeji alimfuta Bi Chuma jioni ile ile. Ni nini kilichoingia mle, hajui, na mimi sijui. Lakini wimbo alikuwa ameshausambaza mtandaoni, ule ule usio na pumzi, na watu wameupenda. Uko kwenye simu, madukani, harusini. Ukipigwa popote, mdogo wangu anaacha alichoshika, anakaa chini, anangoja uishe. Nami, fundi mzima, nazunguka mitaani nawaomba watu wazime. Wengine wananicheka. Wengine wanaongeza sauti. Nimechoka, jamani.

Jana kinyozi mmoja alizima bila ubishi. Nikampigia simu mdogo wangu nimwulize kama amepata nafuu. Akapokea. Sijui nani mwingine alikuwa anaupiga, na wapi. Nilichosikia ni ile noti ya mwisho, kwa sauti yake.

Nikasimama pale kwa kinyozi, simu sikioni, nikisubiri avute pumzi.