Shanga Zangu, Arusi ya Mwingine

— Mwamvita, weka chini hiyo kazi. Huolewi wewe.

Mwamvita alikuwa anazungusha kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya waya. Akageuka. Shoga yake Tabu alisimama mlangoni mwa banda, anahema.

— Umepatwa na nini?

— Natoka Kinondoni. Hashil anaoa Ijumaa, anamwoa Mahfudha, mjukuu wa Bi Wahiba. Na zile shanga zako nimeziona kwa macho yangu, ziko kwenye sinia la bibi arusi. Watu wanaambiwa zimetoka Ulaya.

Mwamvita akaacha kuuzungusha waya. Kioo kikapoa, kikapasuka.

Miaka ile ya Mwingereza, pale Temeke alikuwa amebaki yeye tu anayejua kutengeneza shanga kwa chupa. Alirithi kwa marehemu mama yake, Somoe. Chupa za dawa zilitoa buluu, chupa zilizotupwa na klabu ya Wazungu zilitoa kijani. Wenzake waliacha zamani, madukani zilipojaa shanga zilizoletwa na meli kutoka Ulaya. Kisha akaja Hashil, mwenye duka Kinondoni, mtu wa maneno matamu. "Tukioana nitakujengea tanuri kubwa," alimwambia. "Kazi ya mama yako haitakufa." Akamwomba shanga za nakshi ya Somoe, ile anayovishwa binti wa ukoo wa kina Mwamvita tu siku ya arusi yake. Mwamvita alizitengeneza huku akiimba. Hashil akazichukua, eti akamwonyeshe mama yake.

— Lia, mwenzangu, utoe uchungu, alisema Tabu.

— Nitalia baadaye. Niazime kanga yako nzuri. Nina arusi Kinondoni.

Alhamisi alasiri ua wa Bi Wahiba ulijaa wanawake na vigelegele. Mwamvita akapita katikati yao hadi kwa mwenye nyumba.

— Shikamoo, Bi Wahiba.

— Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?

— Wa Somoe wa Temeke. Shanga zilizo kwenye sinia nimezitengeneza mie. Hashil aliniambia ni za arusi yangu.

Vigelegele vikakatika. Mahfudha akasimama, hina bado mbichi mikononi.

— Mwongo! Hashil kasema zimetoka Ulaya.

— Mwite aseme mbele yangu.

Hashil akaitwa kutoka barazani, alikokaa mikekani na wanaume. Alipofika mlango wa ua na kumwona Mwamvita, uso ulimshuka, lakini akajikaza.

— Unamjua huyu? Mahfudha akamuuliza.

— Simjui. Wallahi simjui.

— Na shanga?

— Nimezinunua mjini. Za Ulaya.

Neno lile lilimchoma Mwamvita kuliko arusi yenyewe. Akachukua mchi wa kinu, akazilaza shanga juu ya jiwe la kusagia.

— Basi huna hasara. Ulaya ziko tele.

Akapiga. Buluu ikawa unga. Wanawake wakapiga kelele. Akapiga tena, na kila pigo lilimuuma, kwa sababu kila ushanga aliukumbuka.

— Mwamvita! Hashil akapayuka. Acha, mwendawazimu we! Hakuna mwingine duniani anayeweza kuzitengeneza!

Wanawake wote wakamgeukia.

— Humjui, bwana, alisema Mahfudha polepole. Jina lake umeambiwa na nani?

Hashil akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Bi Wahiba akainuka.

— Waambieni wanaume wakunje mikeka. Hapa hapana arusi.

Mahfudha akapiga magoti, akaokota shanga zilizosalimika, akamtilia Mwamvita mkononi.

— Nisamehe, dada.

— Hukunikosea.

— Basi nifundishe.

Akaja kweli, yeye na binamu zake. Banda la Temeke likawa na wasichana wanaochekana kwa vidole vilivyoungua, na nakshi ya Somoe ikaanza kutoka kwenye mikono mingine.

Asubuhi moja Hashil akatokea, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

— Mwamvita, nimekosa. Wazee ndio walionilazimisha. Moyo wangu uko kwako.

— Kweli unanipenda?

— Wallahi.

— Kaa hapo, uvukute moto.

Akakaa kwenye mivukuto ya kupulizia moto. Akavukuta mpaka viganja vikatoka malengelenge na kanzu ikawa nyeusi kwa masizi. Wasichana walimpita wakicheka, hawakujificha. Mahfudha hakumtazama hata mara moja. Jua lilipoanza kushuka, Mwamvita akatoa shanga za mwisho.

— Ahsante. Moto wa leo ulikuwa mzuri.

— Na mie je? Nije lini na wazee?

— Wazee wako wapumzike, Hashil. Nilihitaji mtu wa kuvukuta. Mume sihitaji.

Hashil akainuka, akaishika njia kuu ya Temeke peupe, watu wakimtolea macho na kunong'ona. Mwamvita alimtazama mpaka alipopinda kona. Kwamba bado alimpenda kidogo, hakumwambia mtu. Akafunga banda, akaenda kula na wenzake.