Chifu Pouono na Mashine Iliyomngoja

Kijijini kwetu, hapa kisiwani Upolu, Samoa, chifu msemaji hapigani na nzi. Ana mke. Pouono ndiye chifu msemaji wetu, na mkewe Lupesina humtumikia kweli kweli. Asubuhi humletea kakao ya moto. Akila, humpepea. Akitaka kuinuka, humshika mkono hata kabla hajasema. Kazi ya Pouono ni moja tu: kuongea. Watu huja kumsikiliza wakiwa wameshiba, maana wanajua watakaa.

Mwezi wa saba Pouono alianza kukohoa. Homa ikapanda. Kifua kikabana.

"Twende hospitali," Lupesina alimwambia siku ya pili.

"Baada ya Ijumaa. Ijumaa nina hotuba."

"Hata pumzi huna! Utahutubia kwa kitu gani?"

"Kwa hekima."

Ijumaa Pouono alisimama mbele ya watu. Alisema maneno manne, akaanguka. Hajawahi kutoa hotuba fupi kama ile. Baadhi ya wazee walidhani ni mtindo mpya, wakasubiri aendelee.

Mjini Apia, daktari alisema ni nimonia kali. Mapafu yalikuwa yamejaa uchafu, hayakuweza tena kuingiza hewa ya kutosha. Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakamwingiza mpira kooni, wakauunga na mashine ya kupumulia. Kwa siku tatu mashine ilimpumulia kila pumzi. Lupesina aliogopa sana, lakini jambo moja lilimridhisha: mumewe alikuwa anatumikiwa inavyostahili.

Siku ya nne alikuta mambo yamebadilika. Dawa ya usingizi ilikuwa imepunguzwa, na Pouono amefumbua macho. Hakuweza kuongea kwa sababu ya mpira. Alijibu kwa kuinua nyusi, kama tunavyosema "ndiyo" huku kwetu. Lupesina alilia kwa furaha.

Kisha akaisikiliza mashine. Ilikaa kimya. Puu. Ikakaa kimya tena. Akageukia kitanda cha pili. Pale alilala Iosefo, mwosha mabasi. Mashine ya Iosefo ilipuliza bila kukosa: puu, puu, puu.

"Sista Eseta!" aliita. "Mwosha mabasi anapumuliwa kila pumzi, chifu wangu mnamwacha ajipumulie?"

"Mama, mashine hizi ni sawa," nesi alijibu. "Tumebadili tu namna inavyo—"

"Nimeleta mkeka wa heshima. Bibi yangu aliusuka miaka miwili. Uchukueni, mumrudishie namna ile ya kwanza."

"Mkeka hauingii humu, mama. Una vumbi. Subiri kidogo, daktari ananiita, nitakuja kukueleza."

Lupesina hakusubiri. Alimwinamia mumewe sikioni.

"Usijisumbue, Baba Alofa. Usivute hewa. Tulia, wakuletee."

Nyusi zikapanda. Maisha yake yote Pouono hajawahi kukataa kutumikiwa. Akatulia tuli.

Sekunde kumi. Ishirini. Mashine ikapiga king'ora, ikampulizia yenyewe. Eseta akaja mbio, akamgusa bega.

"Mzee Pouono! Vuta pumzi! Vuta!"

Pouono akavuta. King'ora kikanyamaza. Eseta alikagua mpira, akatazama namba za mashine, halafu akamtazama Lupesina.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia apumzike," Lupesina alisema kwa sauti ndogo.

"Mama wewe! Utatuua wote wawili, yeye kwa pumzi, mimi kwa presha." Eseta akavuta kiti. "Niambie. Mtoto wenu Alofa alipojifunza kuogelea, ulifanyaje?"

"Nilimbeba majini."

"Halafu?"

"Halafu nikamwachia apige miguu. Mkono wangu ulikuwa chini ya tumbo lake."

"Basi ndivyo hivyo. Iosefo bado anazama. Mapafu yake ni mabaya sana, kwa hiyo tunambeba mzima mzima. Mashine inafanya kazi yote. Mzee ameanza kupiga miguu. Mashine inangoja aanze kuvuta pumzi, kisha inamsukumia hewa. Huo ndio mkono chini ya tumbo."

"Na ipi bora?"

"Ile inayomfaa mgonjwa kwa siku hiyo. Nikimwachia Iosefo leo, atachoka na kufa. Nikiendelea kumbeba mzee, misuli yake ya kupumua italegea. Atakaa na mpira siku nyingi, na mpira ukikaa sana, vijidudu vinapata njia ya kuingia kifuani."

"Akisahau kupumua?"

"Mashine inampa pumzi ya akiba na kutuita. Umesikia makelele yake. Lakini tusiichezee."

Lupesina alifikiri. "Kwa hiyo hamkumdharau?"

"Tumempandisha cheo, mama!"

Lupesina aliinama tena.

"Baba Alofa, nimekosea. Vuta mwenyewe. Usipovuta, Alhamisi mshindani wako Tavita ataongea mahali pako barazani."

Nyusi zilishuka. Kifua kikainuka. Puu! Kikainuka tena. Puu!

"Taratibu, mzee," Eseta alisema. "Si mashindano."

Siku zilizofuata, msaada wa mashine ulipunguzwa kidogo kidogo. Mumewe akichoka, Lupesina alimwacha alale. Jambo lolote jipya, aliuliza kwanza. Ijumaa walimjaribu Pouono kwa nusu saa, mashine ikisaidia kidogo sana. Daktari alipima pumzi na oksijeni, akamwambia akohoe. Akakohoa vizuri. Mpira ukatolewa.

Sauti ilitoka kama mlango wenye bawaba za kutu. "Tavita... ameongea?"

"Dakika tano," Lupesina alijibu.

"Watu?"

"Walimshangilia sana. Hasa alipomaliza."

Pouono alikohoa kwa hasira.

"Vizuri sana, mzee!" Eseta alisema. "Endelea kukasirika. Makohozi yanatoka."

Baada ya siku kumi waliteremka kwenye basi pale kijijini. Pouono alitembea kuelekea nyumbani. Kila baada ya hatua chache alisimama, akavuta hewa, akaendelea. Lupesina alienda naye bega kwa bega bila kumgusa. Majirani hawakukaa kimya.

"We Lupesina! Chifu mgonjwa, na wewe humshiki mkono?"

"Mkono wangu uko hapa," Lupesina alisema. "Akiuhitaji, atauona."