Ufagio wa Mwaka Mpya

Jambo hili lilimpata Laetitia, rafiki yangu wa kanisani, anayeuza katika duka la Wachina katikati ya Durban. Asubuhi ya mwaka mpya wao, tajiri wake, Mama Lin, alibandika karatasi nyekundu mlangoni, akawakataza wafanyakazi jambo moja tu: leo msifagie, mtaifukuza bahati.

Laetitia aliingia stoo kuchukua glasi, moja ikamponyoka na kuvunjika. Akashika ufagio.

"Dada, utaifagia bahati ya Mama Lin mpaka baharini!" Hardy, mwenzake, alimtania kutoka dukani.

"Na wewe ukanyage vioo uanze kulia? Eish, acha woga."

Hakuwa amefagia mara tatu, mlango wa chuma ukajifunga na umeme ukakatika. Stoo ile haina dirisha. Alisukuma mlango, akaupiga ngumi.

"Hardy! Fungua! Iko giza huku!"

Kisha, kutoka ukuta wa nyuma, akasikia: fyaa... fyaa... Mtu alikuwa akifagia taratibu, vioo vikilia sakafuni, akija upande wa mlango. Laetitia akajibana mlangoni. Fyaa... Vumbi likamgusa vidole vya miguu, sauti ikakoma.

Hardy alipofungua, sakafu nzima ilikuwa safi. Michirizi ya ufagio ilitoka ukuta wa nyuma hadi kwenye kirundo cha vioo na vumbi, miguuni pa Laetitia.

"Si nilikuambia usifagie?"

Stoo ile ina ufagio mmoja tu, na muda wote sauti ile ikisikika, Laetitia alikuwa ameukumbatia kifuani.