Donge Limetoka, Mshipa Bado Mwembamba

Mou Delin hawezi kunywa uji wake wa mtama bila kumtania mkewe. Asubuhi hiyo alianza utani, maneno yakamkwama. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea.

Mkewe, Guizhen, akakimbilia sindano ya kushonea. Kwao, mtu akipigwa kiharusi hutobolewa ncha za vidole ili damu itoke. Alikwisha kukishika kidole gumba cha mumewe, jirani yao Shuying alipoingia. Shuying ni muuguzi mstaafu, na ulimi wake haujastaafu.

"Acha vidole, dada. Ugonjwa uko kichwani, na kila dakika ubongo unakufa."

Akapiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini, madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi kichwani, wakavuta donge la damu. Guizhen akaishukuru miungu yote anayoijua. Furaha haikudumu. Daktari alitoka akasema mshipa wenyewe ni mwembamba, mafuta yameganda ndani yake kwa miaka, na damu imeanza kuziba tena palepale. Aliomba ruhusa autanue kwa puto dogo, kisha aweke kijibomba cha waya cha kuushikilia.

Guizhen akakataa. Donge si limetoka? Chuma kichwani cha nini?

Shuying akamshika mkono. "Bomba lako la jikoni likijaa mafuta, ukatoa ganda moja la kitunguu, litakuwa limezibuka?"

"Litaziba tena."

"Basi la shemeji linaziba sasa hivi."

"Na akifa humo ndani?"

"Hatari ipo, damu inaweza kuvuja. Sikufichi. Lakini mshipa ukifunga, huenda asiseme tena."

Guizhen aliwaza nyumba isiyo na sauti ya Delin. Akaogopa kuliko alivyokiogopa kile chuma.

"Fanyeni," akamwambia daktari.

Mshipa ukafunguka, ukabaki wazi. Muuguzi wa wodi alimweleza Guizhen kuwa dawa za kuzuia damu kuganda hazikatizwi bila daktari, hata mgonjwa akijiona mzima, maana kijibomba nacho huziba. Guizhen, aliyeamini kila dawa ni sumu kidogo, sasa husimama kando ya kitanda mpaka Delin ameze.

Siku moja alikuwa akiwasimulia wageni wa wodi jinsi alivyokubali papo hapo, bila kusita. Delin hakuwepo mkewe alipobishana na daktari, lakini anamjua mkewe.

"Mwongo," sauti nzito ikatoka kitandani, neno lake la kwanza tangu asubuhi ile ya uji.

Guizhen akalia kwa furaha mbele ya wageni wote.