Majina Haya ni Yangu

Mtambo mpya wa kuhifadhi mafaili haukuwa na kitu chochote kinachozunguka ndani yake. Risper alilijua hilo kuliko mtu yeyote hospitalini, maana ni yeye fundi wa kompyuta aliyeutoa kwenye boksi na kuufunga kwenye rafu. Ule wa zamani ulikuwa na sahani za sumaku zilizozunguka na kunguruma mchana kutwa; huu ulihifadhi kila kitu kwenye flashi, kimya kama kaburi. Lakini Jumatatu asubuhi alipoingia chumba cha seva, alisikia kitu kikisaga ndani yake, taratibu, kwa uzito, kama mtama juu ya jiwe.

Akatega sikio. Kikanyamaza.

"Ni feni hiyo," alisema Bwana Nicanor, msimamizi wa hospitali, alipopelekewa habari. Hakuinua hata macho. "Umeletewa mashini ambayo Homa Bay nzima hakuna, na bado unatafuta makosa."

Mtambo ulinunuliwa kwa sababu ya wezi wa mtandaoni, wale wanaofunga mafaili ya watu kisha wakadai fidia. Ulikuwa ghala na askari kwa pamoja. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi uliweka nakala ya mafaili yote ya wagonjwa mahali pasipoguswa, na mtu akijaribu kufunga faili, hata moja, ulipiga kelele na kumtaja kwa jina.

Jumanne, saa tano kasorobo, ulipiga kelele.

Lilikuwa limefungwa faili moja tu, la Ombati, mwenye duka kutoka Oyugis aliyelazwa na mguu uliovunjika. Aliyelifunga: Onyancha.

Risper alisoma jina hilo mara tatu. Onyancha alikuwa karani wa mafaili ya karatasi kwa miaka ishirini na sita. Alikufa Machi. Akaunti yake ya kompyuta, hakuna aliyekumbuka kuifunga.

Alikimbilia wodini. Sista Phelesia, muuguzi wa siku nyingi, alikuwa anavuta shuka juu ya uso wa Ombati.

"Alianza kwa kusahau jina lake," Phelesia alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwuliza, baba, unaitwa nani? Akafungua mdomo, hakuna kitu. Halafu meno yakafungana, nikashindwa kuyaachanisha. Halafu akaacha kupumua. Mtu wa mguu, Risper! Mtu wa mguu tu!"

Risper alipomtajia jina aliloliona, Phelesia alimshika mkono akamvuta hadi kwenye ukuta.

"Jachien, mzimu wa kisasi," alinong'ona. "Nyathina, mwanangu, wewe ulikuwa umeenda Kisumu kuchukua huo mtambo. Nicanor alimfukuza mzee siku hiyo hiyo, akachoma mafaili yake yote nyuma ya jikoni, mwenyewe akisimama hapo kutazama. Mzee alisema sisi sote tukisikia: majina haya ni yangu, nitaondoka nayo. Wiki haikuisha, akafa."

Risper alirudi mbio kuifunga akaunti ya marehemu. Mtambo ukagoma. Jambo lolote zito, iwe kufuta akaunti au kufuta nakala, lilihitaji idhini ya watu wawili: yeye na Nicanor.

"Unataka niandikie bodi kwamba mgonjwa ameuawa na mzimu?" Nicanor alimfokea. "Nani alisahau kufunga hiyo akaunti? Ni wewe. Huyo maiti ni wako. Nitaidhinisha nini? Toka ofisini kwangu."

Jumatano, saa tatu asubuhi, mwalimu Mokeira alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa amemngoja miaka kumi na mmoja. Wodi nzima ilipiga vigelegele, hata wapishi walitoka jikoni.

Saa saba mchana, jua likiwa kali dirishani, mtambo ulipiga kelele tena. Mafaili mawili: la Mokeira, na la Nicanor mwenyewe, aliyetibiwa hapo kila alipougua. Papo hapo simu ya Risper ikalia.

"Mokeira ameanza," Phelesia alisema huku analia. "Meno yanafungana. Yawa, Risper, fanya kitu!"

Risper alikuwa ameshafungua nakala ya saa kumi na mbili asubuhi pale mlango uliposukumwa na Nicanor akaingia. Pamoja naye iliingia harufu ya karatasi zilizoungua na majivu yaliyomwagiwa maji, nzito hata machozi yakamtoka Risper, na ndani ya mtambo lile jiwe likaanza kusaga, safari hii bila kujificha, mpaka rafu ikatikisika, na kwenye kioo cha kompyuta maneno yakajiandika yenyewe: Futa nakala zote, idhini ya kwanza, Nicanor, idhini ya pili, na hapo pakaachwa wazi.

"Weka jina lako, binti yangu," ilisema sauti ya mzee, kavu, ya upole. Meno ya Nicanor yalikuwa yamefungana, midomo haikucheza.

"Mzee Onyancha, huyo mama hajakukosea."

"Weka."

Mkono wa Nicanor, baridi, ukaushika mkono wa kulia wa Risper, ukaukandamiza kidole kimoja kimoja kuelekea kwenye kibodi, na Risper akahisi jina lake mwenyewe likilegea kichwani kama jino bovu, Ris, Ri, likiondoka, akajua kwamba likitoka lote hatakuwa na la kukataa nalo, akanyoosha mkono wa kushoto akipapasa kwa upofu wa machozi na kubonyeza Rejesha.

Nicanor alianguka chini kama gunia.

"Unaitwa nani?" Risper alimpigia kelele. "Sema!"

"Nicanor! Mimi ni Nicanor!" Alitazama dirisha akashangaa. "Mbona jua liko juu hivi? Sasa hivi nilikuwa nyumbani nanyoa ndevu."

Risper alimshika mkono. Alimvuta hadi kwenye kibodi, na Nicanor akatoa idhini. Risper akatoa yake. Akaunti ya Onyancha ikafutika. Kusaga kukapanda kukawa mlio uliopasua masikio, kisha kukakatika. Harufu ikatoweka.

Simu ililia. "Anaongea!" Phelesia alipiga kelele. "Amesema jina lake!"

Risper alikimbia ua mzima akicheka na kulia. Mokeira alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu. Alitaja jina lake, la mumewe, la shule anayofundisha.

Phelesia alimwinamia, akamwekea mtoto mikononi.

Mokeira alimtazama mtoto kwa heshima, kama mtu anayepokea mzigo wa jirani.

"Mzuri," alisema. "Ni wa nani?"

Kisha mkono wake ukashuka tumboni, ukapapasa, ukapapasa tena, na uso wake ukabadilika.

"Wangu mmempeleka wapi?"