Jasho la Fundi Lifti

Sinia la glasi lilipoanguka kwenye kantini ya hospitali, watu wote waliruka isipokuwa fundi lifti mmoja mwenye ovaroli ya buluu. Yeye aliendelea kunywa chai yake. Dada wa meza ya pili, mwenye koti jeupe la daktari, akamkodolea macho. Dada huyo alikuwa mtafiti wa ubongo wa watu wakatili na malezi yaliyowafikisha huko. Kila siku aliwabandika watu nyaya vidoleni, akawapigia kelele za ghafla, akangoja jasho la mshtuko. Wasiotoa jasho, kama wakatili wengi, ndio waliomtia wasiwasi.

"Daktari, umenipenda au nimekalia kiti chako?" fundi alimtania.

Basi, yakaanzia hapo. Simu asubuhi, simu mchana, "umekula, mpenzi?", mpaka dada wa watu akawa hoi. Lakini wasiwasi haukumtoka. Ataolewaje na mtu ambaye huenda siku moja atamvunja taya, wala moyo wake usiende mbio? Akaanza kumpima kimyakimya. Leo anabamiza mlango, kesho anaangusha sufuria. Jamaa hata kope hazichezi!

Jumapili moja akampasulia puto kisogoni. Fundi akageuka polepole.

"Milango, sufuria, sasa puto. Unanipima kama wale watu wako?"

"Nakupenda," dada alisema, uso chini. "Na nakuogopa."

"Si ungeniuliza!" Sauti ilimpanda fundi, na dada akarudi nyuma mpaka ukutani. Fundi alipoona vile, akashusha sauti. "Baba alikuwa akija nyumbani anapiga mlango teke. Anayeshtuka ndiye anayechapwa kwanza. Nilijifunza kutoshtuka nikiwa mdogo kabisa."

Akachukua koti, akaondoka. Simu za dada zikawa hazipokelewi.

Mwishowe dada alimfuata kazini, akamkuta amepiga magoti mbele ya lifti iliyokwama, spana mkononi.

"Sikupimi tena. Nauliza. Umewahi kumpiga mtu?"

Fundi alikaza nati moja, kisha akamgeukia.

"Baba. Siku aliyomvunja mama mkono. Nilimpiga, kisha nikalia kuliko yeye." Akaweka spana chini. "Sasa na mimi nina swali."

Akamshika mkono. Kiganja cha fundi kilikuwa kimelowa jasho chepechepe.

"Ndiyo," dada alisema, machozi yakimtoka.

"Ah! Sijauliza bado!"

"Umeshauliza, mpenzi."